Ukwato wa Farasi Mzee

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kiungo kidogo cha mnyama mkubwa, nacho ni ukwato wa farasi. Na hasa ukwato wa farasi aliyekwisha zeeka, ambaye miguu yake imeanza kumsumbua. Yamkini mtu atauliza: Sisi tulio na ng'ombe, mbuzi na punda, habari za farasi zatuhusu nini? Jawabu letu ni hili. Kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi mataifa mengi ya dunia yalitegemea miguu ya farasi, kama watu wa leo wategemeavyo magurudumu ya gari. Barua za wafalme, mizigo ya wafanya biashara, majeshi na mizinga yao, vyote vilikwenda kwa miguu hiyo. Farasi alipochechemea, mambo mengi ya wanadamu yalichechemea pamoja naye. Basi historia ya kuutunza ukwato ni historia ya watu waliojifunza polepole sana, na kwa gharama kubwa, neno moja tu: kwamba ukwato si jiwe wala si gogo, bali ni kiungo hai. Na neno hilo lamhusu kila mtu afugaye mnyama wa kazi.

Kwanza tuutazame ukwato wenyewe. Farasi hasimami juu ya wayo kama mtu. Katika kila mguu asimama juu ya kidole kimoja tu, na ukwato ndio kucha ya kidole hicho. Farasi wa kiasi huwa na uzito wa kilo 450 au 500, na uzito huo wote huchukuliwa na kucha nne. Pembe ngumu tuionayo kwa nje haina damu wala haisikii maumivu, kama zilivyo ncha za kucha zetu. Lakini ndani yake mna mfupa wenye umbo la ukwato mdogo, mna mishipa ya damu, na mna fahamu kali. Mfupa huo haukukalia wayo wa ukwato kama mtu akaliavyo kiti, bali umetundikwa ndani ya ukuta wa pembe kwa mikunjo myembamba mfano wa kurasa za kitabu, yapata 550 hata 600. Kurasa za upande wa mfupa zimeingiana na kurasa za upande wa pembe, kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Chini, katikati ya wayo, pana pembetatu ya kitu laini kama mpira, ambayo husaidia kupokea kishindo mguu ukanyagapo.

Ukwato hukua kutoka juu, penye mpaka wa nywele, hata chini, kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo. Kwa hiyo ukwato mzima, kutoka nywele mpaka ncha ya mbele, huchukua miezi tisa hata mwaka mzima kuwa mpya. Wasikilizaji wayashike maneno haya, maana ndiyo ufunguo wa habari zote zitakazofuata. Kosa lifanywalo leo katika ukwato huenda lisionekane ila baada ya miezi mingi, na dawa nayo hutaka subira ya kadiri hiyo hiyo.

Sasa tuanze habari za kale. Katika nchi ya Wagiriki, miaka mia nne hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, alikuwako mtu wa Athens aliyeitwa Xenophon, askari na mwandishi. Alitunga kitabu kidogo juu ya kufuga na kupanda farasi, nacho kimedumu mpaka leo. Alipoeleza jinsi ya kumchagua farasi, hakuanza na kichwa wala shingo wala rangi. Alianza na miguu. Alifananisha farasi mwenye miguu mibaya na nyumba nzuri iliyojengwa juu ya msingi mbovu. Tena alishauri kwamba mahali asimamapo farasi pamwagwe mawe ya mviringo, mikokoteni minne au mitano, kila jiwe kiasi cha kujaa mkono, ili kwato zipate kuwa ngumu kwa kuyakanyaga. Wagiriki hawakuwa na viatu vya chuma vya farasi. Iliwapasa kuufanya ukwato wenyewe uwe kiatu.

Lakini ukwato mtupu una mpaka wake. Jeshi la Alexander, mfalme wa Makedonia, lilipofika India katika mwaka wa 326 kabla ya Kristo, wenye historia waliandika kwamba kwato za farasi wake zilikuwa zimelika kwa safari ndefu. Mshindi wa nchi nyingi alikuwa akishindwa na pembe iliyochakaa. Wagiriki hao walijua pia ugonjwa mmoja waliouita kwa jina lililotokana na neno shayiri, kwa kuwa uliwapata farasi waliokula nafaka hiyo kupita kiasi. Hawakujua kwa nini chakula kilicho tumboni kiudhuru mwili namna ile; lakini waliona, wakaandika. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa ndilo adui mkubwa wa farasi mzee hata sasa.

Warumi walipojenga barabara zao za mawe, miguu ya wanyama iliumia zaidi. Katika nchi za Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, wachimbaji wa vitu vya kale wamevumbua viatu vya chuma vya zamani zile, ambavyo havikupigiliwa misumari bali vilifungwa mguuni kwa kamba za ngozi. Kiatu cha misumari kilikuja baadaye. Katika kitabu cha mambo ya vita cha Leo wa Sita, aliyetawala Constantinople tangu 886 mpaka 912, viatu vya chuma vya umbo la mwezi mwandamo vimetajwa pamoja na misumari yake miongoni mwa vifaa vya askari wa farasi. Baada ya hapo desturi hii ilienea Ulaya yote, na mhunzi akawa mtu wa lazima katika kila kijiji.

Waarabu nao hawakubaki nyuma. Mtu wa kazi hii walimwita baitari, na kazi yake ilikuwa mbili katika moja: kupiga viatu na kutibu. Katika karne ya 9, Ibn Akhi Hizam, msimamizi wa mabanda ya farasi ya khalifa wa Baghdad, aliandika kitabu juu ya upandaji farasi na utabibu wake. Na katika karne ya 14, Abu Bakr, tabibu wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad wa Misri, aliandika kitabu kingine kikubwa kilichoitwa kwa jina la sultani huyo. Vitabu hivi vyaonyesha kwamba mahali pengine watu walikwisha kuiona kazi ya ukwato kuwa elimu, si kazi ya nyundo peke yake.

Huko Ulaya mambo yalikuwa kinyume kwa muda mrefu. Kiatu cha chuma kilimwezesha farasi kwenda juu ya mawe, lakini chuma kina bei yake. Ukwato hutanuka kidogo kila ukanyagapo na kurudi kila uinuliwapo, na kiatu kilichopigiliwa vibaya huufunga usitanuke. Msumari ukikosea njia kwa unene wa ganda la yai, wachoma sehemu iliyo hai. Katika mwaka wa 1356 Meya wa London aliwaita wahunzi wa farasi wa mji wake, kwa sababu ya malalamiko juu ya kazi mbaya na madhara yaliyowapata farasi, na wakawekewa kanuni na wasimamizi. Chama chao kilipata hati ya mfalme katika 1674. Kumbe hata kazi ya mikono yataka sheria, pale ambapo anayeumia hawezi kusema.

Tena wahunzi wengi walikuwa na mazoea ya kuchonga ukwato kwa ndani. Walikata wayo mpaka ukawa mwembamba, wakaiondoa ile pembetatu laini, wakidhani wanausafisha. Katika mwaka wa 1756 Mfaransa mmoja, Étienne-Guillaume Lafosse, aliandika kupinga desturi hiyo, akisema kwamba viungo hivyo viliumbwa vikanyage chini, na kwamba farasi huharibiwa na mikono ya wanaomtunza. Miaka michache baadaye, katika 1762, shule ya kwanza ya matabibu wa wanyama ilifunguliwa katika mji wa Lyon, naye aliyeianzisha ni Claude Bourgelat. Hapo ndipo elimu ya mwili wa mnyama ilipoanza kufundishwa darasani kwa taratibu.

Sasa tumefikia habari ya farasi mmoja ambaye jina lake halijasahauliwa. Tarehe 1 Aprili 1764, siku jua lilipopatwa, alizaliwa Uingereza mwana-farasi dume, naye akaitwa Eclipse, ndiyo kusema Kupatwa kwa Jua. Alikimbia mashindano 18 katika miaka ya 1769 na 1770, wala hakushindwa hata mara moja. Baada ya hapo aliwekwa awe baba wa farasi wengine, na sehemu kubwa sana ya farasi wa mashindano walioko duniani leo hutoka katika ukoo wake. Mtu angedhani kwamba mnyama wa thamani kama huyu, mwenye wahudumu na chakula tele, angezeeka kwa raha. Lakini haikuwa hivyo. Katika uzee wake kwato zake ziliharibika. Ilipotakiwa ahamishwe katika mwaka wa 1788 kutoka Epsom hata nyumba ya Cannons, upande wa pili wa London, safari ya maili ishirini hivi, miguu yake haikuweza kumfikisha. Walioandika habari zake wasema kwamba alipakiwa katika gari maalumu, akavutwa na farasi wengine. Aliyekuwa hawezi kushindwa na farasi yeyote alishindwa na njia ya mwendo wa siku moja.

Eclipse alikufa Februari 1789 kwa ugonjwa wa tumbo, naye karibu atimize miaka 25. Wenyewe wakamwita Mfaransa aliyekuwa London, Charles Vial de Sainbel, mwanafunzi wa elimu ile ya Lyon, aupasue mwili na kuupima. Sainbel alipima mifupa yote, akaandika na uzito wa moyo, ratili 14. Sifa aliyoipata kwa kazi ile ilimsaidia, na chuo cha utabibu wa wanyama kilipoanzishwa London katika 1791, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Hata sasa mifupa ya Eclipse imehifadhiwa katika chuo hicho. Farasi mzee, aliyekwisha shindwa kutembea, amewafundisha wanafunzi kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo hicho alikuwa Bracy Clark. Huyu hakuridhika kusikia, alitaka kuona. Alimchukua farasi jike kijana, mwenye kwato nzuri, akachukua mfano wa ukwato wake kabla hajazoea viatu, kisha akachukua tena mfano wa ukwato ule ule mwaka baada ya mwaka, huku akipigiwa viatu kama farasi wengine. Alipoiweka mifano ile pamoja, kila mtu aliweza kuona kwa macho jinsi ukwato ulivyobanwa, visigino vikikaribiana kila mwaka. Alichapisha habari hizo katika 1809. Alijaribu pia kutengeneza kiatu chenye bawaba, ili ukwato upate kutanuka, lakini hakikupendwa na watu. Hata hivyo alilolionyesha halikuweza kufichwa tena: ukwato ni kitu hai, na kila kitu hai hubadilika kwa namna kinavyotendewa.

Mwaka wa 1816 tabibu James Turner alieleza ugonjwa wa mfupa mdogo ulio nyuma ndani ya ukwato, ambao huwafanya farasi wengi wachechemee miguu ya mbele bila jeraha kuonekana. Katika miaka hiyo hiyo matabibu walianza kuikata mishipa ya fahamu ya mguu. Farasi aliyekuwa kiwete jana alitembea vema leo, na mwenyewe akafurahi. Lakini ugonjwa ulibaki mle mle, ukizidi kula mfupa kimya kimya, na mnyama asiyesikia uchungu aliendelea kuupiga mguu mbovu chini mpaka pengine ukavunjika. Hapa pana fundisho kubwa. Uchungu ni mjumbe. Kumnyamazisha mjumbe si kuyamaliza mambo aliyoyaleta.

Dawa nyingine ya zamani ilikuwa kuchoma. Mguu wenye kano iliyoumia ulipigwa chuma cha moto, kwa kudhani kwamba kovu litautia nguvu. Wengi wetu twajua kwamba wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika walikuwa na desturi kama hiyo. Basi wasione haya peke yao, maana matabibu wa Ulaya waliifanya kwa mamia ya miaka. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza katika 1983 ulionyesha kwamba hauna faida, na katika 1991 baraza la matabibu wa wanyama la nchi hiyo liliutangaza kuwa jambo lisilofaa. Lakini si kila dawa ya zamani ilikuwa ya bure. Wahunzi wa kale walikuwa wakimsimamisha farasi mwenye kwato za moto katika kijito cha maji baridi. Katika 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba baridi kali ya barafu, ikitumiwa mapema, kweli hupunguza madhara ndani ya ukwato. Kwa hiyo mwenye hekima haitupi desturi kwa kuwa ni ya kale, wala haishiki kwa kuwa ni ya kale, huijaribu.

Elimu peke yake haitoshi. Yataka na huruma. Katika 1877 kilitokea Uingereza kitabu cha hadithi kiitwacho Black Beauty, ambamo farasi mwenyewe asimulia maisha yake, na anguko lake kubwa lilitokana na kiatu kilicholegea na mpanda farasi mlevi aliyemkimbiza juu ya mawe makali. Mwandishi wake, Anna Sewell, alikuwa mwenye ulemavu wa miguu tangu alipoanguka na kuumia utotoni, na alihitaji gari la farasi ili aweze kwenda popote. Aliyeujua uchungu wa kuchechemea ndiye aliyewaeleza wengine. Miaka michache baadaye, katika 1886, Ann Lindo alianzisha karibu na London makao ya kuwapumzisha farasi wa magari waliochoka.

Na huku Afrika, katika mji wa Cairo, lilitokea jambo ambalo halifai kusahauliwa. Vita vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, farasi wengi wa jeshi la Waingereza waliuzwa huko Misri badala ya kurudishwa kwao. Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi, alipofika Cairo katika 1930, aliwakuta baadhi yao wangali hai, wazee, vipofu, wenye miguu iliyopinda, wakivuta mizigo juu ya mawe. Wenyewe walikuwa watu maskini ambao riziki yao ilikuwa mnyama yule yule, kwa hiyo hakuwalaumu, bali aliwanunua farasi. Aliandika barua katika gazeti moja la London mwaka wa 1931, fedha zikachangwa, na kwa muda wa miaka mitatu akanunua farasi 5,000. Wengi walikuwa wamekwisha haribika kabisa, na wema pekee uliobaki ni kuwaua bila maumivu. Katika 1934 alianzisha hospitali ya wanyama ambako maskini waliweza kuwatibisha farasi na punda wao bila malipo. Kazi hiyo imeenea nchi nyingi, na hata Kenya, kwa ajili ya punda wa mizigo.

Sasa tuseme yale yanayojulikana leo juu ya farasi mzee. Farasi wengi huhesabiwa kuwa wazee wakipita miaka 15 au 20, ingawa yuko mmoja wa Uingereza, Old Billy, aliyekuwa akivuta mashua mferejini, akafa katika 1822 akiwa na miaka 62. Kwa mzee mambo matatu hasa huleta kuchechemea. La kwanza ni viungo vilivyochakaa, kama magoti ya babu na bibi zetu. La pili ni usaha ndani ya ukwato: takataka hupenya katika ufa mdogo, usaha hukusanyika usipate mahali pa kutokea, na farasi aliyekuwa mzima jioni asubuhi hawezi hata kukanyaga. Usaha ukifunguliwa na mjuzi, aghalabu mnyama hupata nafuu upesi.

La tatu ndilo lile la Wagiriki, kuvimba kwa zile kurasa zinazoutundika mfupa. Nafaka nyingi huweza kulileta, na majani mabichi yenye sukari nyingi pia. Lakini wataalamu wamevumbua kwamba farasi wengi wazee hupata ugonjwa wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao huharibu mpango wa mwili. Dalili yake moja ni manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati wake. Dalili nyingine ni kwato kuumwa mara kwa mara. Iko dawa ya kila siku ya kuutuliza. Kurasa zile zikiachia kabisa, mfupa huzama ndani ya ukwato, na hapo tiba huwa ngumu mno. Picha za eksirei, ambazo msingi wake uliwekwa na Röntgen katika 1895, humwonyesha tabibu mahali mfupa ulipo, naye mhunzi huchonga ukwato kwa kuifuata picha hiyo.

Mwenye mnyama atajuaje? Amtazame akitembea mahali pagumu na sawasawa. Mguu wa mbele ukiuma, farasi huinua kichwa mguu ule ukanyagapo, na hukishusha akanyagapo kwa mguu mzima. Akisimama akiegemea nyuma, ameitanguliza miguu ya mbele kama asiyetaka kuikanyagia, hiyo ni dalili ya kurasa kuvimba. Asilazimishwe kutembea, na tabibu aitwe siku ile ile. Kwato zake zikiguswa huwa na moto, na mshipa ulio nyuma ya kifundo hupiga kwa nguvu.

Na matunzo yake ni haya. Kwato ziinuliwe na kusafishwa kila siku, udongo na mawe yatolewe, pembetatu itazamwe kama haijaanza kuoza na kunuka. Zichongwe kila majuma sita hata manane, ziwe na viatu au zisiwe navyo. Maana ncha ya mbele ikirefuka huuvuta ukuta na kuichosha kano. Wengine hufaa kuvuliwa viatu, wengine huhitaji kiatu maalumu. Shauri hilo ni la mjuzi aliyeuona mguu. Mahali pa kulala pawe pakavu na laini. Chakula kiwe cha kumshibisha bila kumnenepesha, kwa kuwa kila kilo ya mafuta ni mzigo mwingine juu ya kucha zile nne. Mwenye viungo vilivyochakaa asifungwe bandani siku nzima, bali atembezwe polepole kila siku, kwani kiungo kisichotumika hukakamaa. Mzee huona tabu kusimama kwa miguu mitatu; kwa hiyo anayemchonga asiuinue mguu juu mno wala asiushike kwa muda mrefu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu, na kwa ukwato neno hilo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa.

Katika nchi zetu farasi ni wachache, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa farasi uenezwao na wadudu. Lakini punda tunao. Lamu, ambako njia ni nyembamba na mizigo mingi huchukuliwa na punda, pamekuwa na hospitali yao tangu 1987. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama kuliko wa farasi, tena hunyonya maji zaidi, kwa hiyo huoza upesi akisimama matopeni. Na punda huficha maumivu yake kuliko farasi. Siku aonyeshapo kwamba anachechemea, jua kwamba ameumwa siku nyingi. Yote tuliyoyasema juu ya kuinua mguu kila siku, kuchonga kwa wakati na kulisha kwa kiasi, yamfaa punda pia.

Watu husema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Labda wanyama wangekuwa na methali, wangesema vivyo hivyo juu yetu, wakiwakumbuka farasi wa Cairo. Mnyama aliyetuchukulia mizigo miaka ishirini ametupa miguu yake. Anapozeeka hadai malipo makubwa: mahali pakavu, chakula cha kadiri, na mtu wa kuinama kila asubuhi, kuuinua mguu, na kuutazama.